Miguu ipo Ngara na Biharamulo, kilichobaki ni mbio

SEPTEMBA 2025 dunia ya baiskeli ilihamia Kigali. Kwa siku nane, kuanzia tarehe 21 hadi 28, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza tangu yaanzishwe. Tadej Pogačar wa Slovenia, jamaa ambaye kwenye baiskeli ni kama Messi kwenye mpira, aliondoka na jezi ya upinde wa mvua baada ya kunyonga kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Milima iliwanyoosha wenzake. Waliofika mwisho siku ile walikuwa 30 tu.

Kutoka Kigali mpaka daraja la Rusumo ni kama kilomita 160. Ukivuka daraja umeshaingia Ngara, mkoani Kagera. Vilima ni vilevile na migomba ni ileile. Hata kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi kwenye mlima, jasho likimtiririka mgongoni, ni yuleyule. Tofauti ni kwamba ng'ambo ya mto kijana huyo anaweza kuishia kwenye timu ya taifa, huku upande wetu anaishia sokoni.

Shabiki wa Simba au Yanga anaweza kuuliza: sasa hii inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu tatizo la baiskeli huko Ngara na Biharamulo ni lilelile ambalo mpira ulishalitatua zamani. Nalo ni tatizo la mahali pa kuanzia.

Chandimu ya baiskeli

Hakuna mchezaji aliyeanzia Ligi Kuu. Wote walianzia chandimu: mpira wa makaratasi, magoli ya mawe, hakuna refa, na mechi inaisha giza likiingia. Chandimu ni rahisi, haina kiingilio, na mtoto akifungwa kumi leo, kesho anarudi tena kwa sababu amefurahi.

Baiskeli nayo ina chandimu yake. Ni ile safari fupi na nyepesi, yenye kitu cha kutazama njiani, ambayo mtu anaimaliza akiwa bado anacheka. Akifurahi anarudi wiki inayofuata. Akirudi mara kumi, miguu inaanza kuzoea. Akishazoea, anamtazama mwenzake aliye mbele na kujisemea moyoni kwamba huyu leo simwachii. Hapo ndipo mashindano yanapozaliwa.

Kwa watoto wengi wa vijijini Kagera, baiskeli inaanza na kazi. Anafundishwa kuendesha ili apeleke mahindi mashine, achote maji, ampeleke bibi zahanati. Anakua akijua kwamba baiskeli ni mzigo. Siku akipata pesa kidogo anakimbilia pikipiki, na hakuna wa kumlaumu.

Somo la Paje na Jambiani

Kama kuna mahali Tanzania ambapo chandimu ya baiskeli inaonekana wazi, ni Unguja, pwani ya kusini mashariki. Kati ya Bwejuu, Paje na Jambiani ardhi ni tambarare. Maji yakitoka, mchanga unabaki mgumu, na mtu anaweza kunyonga baiskeli ufukweni kabisa, upande mmoja minazi, upande wa pili kina mama wakivuna mwani kwenye maji ya magotini. Wageni wanalipia kukodi baiskeli ili wafanye jambo hilo. Wenyeji wanalifanya kila siku wakienda dukani.

Wanaoujua ufukwe huo wana kanuni mbili. Ya kwanza ni kuangalia maji. Siku za bamvua bahari inatoka mbali na kurudi kwa kasi, kwa hiyo anayechelewa kurudi anabeba baiskeli begani. Ya pili ni upepo. Katikati ya mwaka kusi linavuma kutoka kusini, na kuanzia Desemba inakuja zamu ya kaskazi. Mjanja anaanza safari akiukabili upepo miguu ikiwa bado mipya, kisha wakati wa kurudi upepo unamsukuma mgongoni. Anayefanya kinyume anaenda kama mfalme na kurudi kama mfungwa.

Kanuni hiyo ya pili ndiyo ya kuibeba mpaka Kagera. Huko hakuna kusi wala kaskazi za kubabaisha, lakini kuna milima, na mlima ni upepo usiogeuka. Sehemu ngumu ya safari iwe mwanzo, rahisi iwe mwisho. Ni kama timu inayocheza kipindi cha kwanza ikiukabili upepo: ikivuka salama, kipindi cha pili ni chake.

Biharamulo na ufukwe uliohama

Kuna jambo ambalo vijana wengi wa sasa hawalifahamu. Biharamulo ilikuwa na ufukwe. Wilaya ya Chato ilikatwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingizwa kwenye Mkoa mpya wa Geita. Nyamirembe, bandari ya Ziwa Victoria iliyokuwa lango la wilaya, ikaenda nayo. Ramani ilibadilika ila ziwa halikusogea hata hatua moja.

Mji wa Biharamulo, wenye boma la Wajerumani linalosimama mpaka leo, uko juu ya ziwa kwa mita zipatazo 300. Kutoka mjini mpaka maji ya Nyamirembe ni zaidi ya kilomita 40. Ukigawanya, ni wastani wa mita saba hivi za kushuka kwa kila kilomita. Kwa kulinganisha, njia ya Pogačar kule Kigali ilikuwa na mita 5,475 za kupanda, yaani mita 20 na ushee kwa kila kilomita ya njia nzima. Barabara ya Kagera nayo ina mabonde yake ya kushuka na kupanda, haishuki moja kwa moja, lakini kwa mwenye nguvu za kawaida hiyo ni safari ya asubuhi moja.

Mtego uko kwenye kurudi. Anayeshuka kwenda ziwani anaona dunia ni yake. Anakula samaki, anapiga picha na mitumbwi, kisha saa nane mchana, jua likiwa kali, anakumbuka kwamba zile mita 300 zinamsubiri zote. Ndiyo maana anayeanza asikimbilie ziwa siku ya kwanza. Anyonge nusu saa kuelekea upande wa mlima, ageuke, ateremke nyumbani. Wiki inayofuata aongeze dakika kumi. Ziwa aliache liwe fainali.

Kwa wanaopenda mandhari, upande wa kaskazini kuna misitu na mapori ambayo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Huko si pa kwenda kichwakichwa. Ni makazi ya wanyama, na taratibu za hifadhi zinafuatwa. Wazee wanakumbuka pia miaka ambayo magari yalivuka mapori ya Biharamulo na Ngara yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya ujambazi. Kwamba leo mtu anaweza hata kufikiria kupita huko kwa starehe, hilo peke yake ni ushindi.

Ngara, shule ya kupanda

Ngara haina tambarare ya kumdanganya mtu. Mji wenyewe umekaa juu ya kilima, na ukitoka upande wowote unashuka, maana yake kurudi ni kupanda. Kwa anayeanza hiyo ni adhabu, lakini kwa anayetaka ushindani ni dhahabu. Timu za Ulaya hulipa pesa nyingi kuwapeleka wachezaji wao kambini milimani ili mapafu yazoee hewa nyepesi. Mtoto wa Ngara amezaliwa kambini tayari.

Kivutio chake kikubwa kiko Rusumo. Hapo karibu ndipo mto Ruvubu unaotoka Burundi unapokutana na maji yanayotoka Rwanda, kisha Kagera inaanguka kwenye maporomoko na kuendelea na safari yake ndefu mpaka Ziwa Victoria. Umeme wa megawati 80 wa mradi wa Rusumo unagawanywa kwa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kwa watu wazima wa Ngara, Rusumo lina kumbukumbu nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda walivuka daraja lile ndani ya muda mfupi wakikimbia vita, na kambi ya Benako ikageuka kuwa mji mkubwa wa mahema. Waliovuka walibeba walichoweza, wapo waliokuwa na watoto mgongoni, wapo waliosukuma baiskeli zilizojaa magodoro na masufuria. Barabara iliyoona hayo ikiona siku moja watoto wa pande zote mbili wakishindana kwa kicheko, itakuwa na maana kuliko medali.

Majirani walianzaje?

Wengi wanadhani Rwanda walifika hapo kwa pesa. Pesa ilikuja baadaye. Mbio za Tour du Rwanda zilianza mwaka 1988, zikiwa za kienyeji tu. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyohusisha hata baiskeli za mbao zinazotumika vijijini kubebea mizigo. Mwaka uliofuata Mmarekani Jonathan Boyer, aliyewahi kushiriki Tour de France, akaanza kuwapima vijana na kujenga timu ya taifa. Baadhi ya walioingia kwenye kikosi cha mwanzo walikuwa wabeba abiria na mizigo kwa baiskeli, watu wa kazi kabisa.

Mwaka 2009 Tour du Rwanda ikaingia kwenye kalenda ya kimataifa. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti akapeperusha bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu ipewe hadhi ya kimataifa, akarudia tena 2016. Kutoka kuwapima wabeba mizigo mpaka kuandaa mashindano ya dunia ni miaka 18. Katika soka, miaka 18 ni muda wa mtoto kuzaliwa na kusaini mkataba wake wa kwanza.

Si Rwanda peke yake. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na alijifunza baiskeli akinyonga na vijana wa Kikuyu chini ya David Kinjah, kwenye njia za vumbi. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kutwaa jezi ya kijani. Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika zina miguu, na hilo halina ubishi tena.

Hapa nyumbani Kanda ya Ziwa si mgeni wa mchezo huu. Mwanza na Shinyanga zimewahi kuwa na mashindano yaliyojaza watu barabarani, na Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, kipo. Kagera iko jirani kabisa, ila baiskeli yake bado iko sokoni na shambani.

Adui ni lori

Kabla ya kuota medali kuna suala la uhai. Barabara kuu inayotoka Nyakanazi, kupitia Lusahunga mpaka Rusumo, ndiyo njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda. Mengine yanakata kuelekea Kabanga na kuingia Burundi. Dereva ametembea zaidi ya kilomita 1,000, amechoka, mzigo ni tani kadhaa, na kona za Ngara hazina huruma. Mwenye baiskeli akiwa pembeni na mkungu wa ndizi, upepo wa semi-trela peke yake unatosha kumwangusha.

Kwa hiyo chandimu ya baiskeli isichezwe uwanja wa malori. Zipo barabara za vumbi za vijijini ambazo kwa saa nzima hukutani na gari. Hizo ndizo za kuanzia. Asiye na namna ila kupita lami atoke alfajiri kukiwa kumepambazuka, si gizani. Avae nguo ya rangi inayoonekana, aweke kiakisi mwanga nyuma, na asinyonge sambamba na mwenzake kupiga soga. Anayeteremka mlima ashike breki mapema kidogokidogo, kwa sababu breki ikibanwa ghafla kwenye kokoto, mtu anaruka mbele ya usukani. Na kofia ngumu si pambo. Ni sawa na glavu za kipa: siku moja utashukuru ulikuwa nazo.

Phoenix inatosha

Kikwazo kinachotajwa kila mara ni baiskeli yenyewe. Za mashindano ni ghali, kweli, lakini chandimu haikusubiri mpira wa ngozi. Phoenix ya baba inatosha kuanzia, ilimradi ipite kwa fundi kwanza.

Fundi aangalie mambo matano: breki zinashika, cheni ina mafuta, spoku hazijalegea, magurudumu hayayumbi, na tairi zimejaa upepo. Tairi laini inakula nguvu za mtu bure, kama kukimbia kwenye mchanga. Jambo la sita ni kiti. Vijana wengi huendesha kiti kikiwa chini mno, na baada ya saa moja magoti yanalia. Kipimo ni rahisi: ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litajikunja kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Abebe maji, ndizi mbivu mbili, pampu na viraka vya tyubu. Anyonge kwa mwendo ambao anaweza kuongea bila kuhema. Akishindwa kuongea amezidisha, apunguze.

Hata wanaocheza mpira wana faida yao humo. Ni jambo la kawaida kwa mchezaji anayetoka kwenye majeraha ya goti kuwekwa kwenye baiskeli kabla ya kuruhusiwa kukimbia, kwa sababu baiskeli inajenga paja na pumzi bila kuligonga goti chini kila hatua. Timu ya ndondo ya Rulenge au Nyakahura isiyo na gym ina baiskeli kumi uani kwa wachezaji wake. Hiyo ndiyo gym.

Jumapili moja tu

Kinachohitajika kuanzia si uwanja wala mdhamini wa mabilioni. Ni Jumapili moja, mzunguko wa kilomita 15 au 20 kwenye barabara ya vumbi, polisi wawili wa kusimamisha pikipiki kwenye njia panda, na nesi mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Madaraja yawe wazi: Phoenix na wenzake peke yao, baiskeli za gia peke yao, wasichana wapate mbio yao na zawadi sawa na ya wavulana, na watoto wa shule wapate mzunguko mfupi. Mshindi wa daraja la Phoenix apewe matairi mapya na cheni, vitu ambavyo Jumatatu vitamsaidia kazini.

Kipengele cha wasichana si cha kutajwa kwa heshima tu. Kule Kigali mbio za barabarani za wanawake zilichukuliwa na Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumhesabu kabla ya kuanza. Msichana wa Biharamulo anayenyonga kila siku kwenda sekondari na kurudi ana mazoezi mengi mguuni kuliko anavyodhani. Hakuna aliyewahi kumshikia saa.

Halmashauri mbili, ya Ngara na ya Biharamulo, zikipokezana kila mwaka, tayari ni derby. Baada ya hapo CHABATA itakuwa na kitu cha kuja kukitazama, na jirani wa Rusumo atakuwa na sababu ya kuleta vijana wake wapimane ubavu. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON, na macho yote yatakuwa kwenye viwanja vikubwa. Ni sawa, ndio mchezo wetu. Lakini wale watakaokuwa wanatazama mechi hizo kwenye kibanda cha Benako au stendi ya Biharamulo wengi wao watafika hapo kwa baiskeli, na hakuna anayejua ni nani kati yao mwenye miguu ya Girmay.

Njia ya kumjua ni kumpa Jumapili moja.